Dema, mzamiaji na safari ya mwezini: hivi ile pesa inalipa kweli?

Juzi bamvua, saa nne usiku, tumekaa Deep Sea hapa Tanga, pale karibu na soko la samaki, kahawa mkononi, maji yamekupwa mpaka miamba imetoka nje kama migongo ya kasa, mwezi uko juu umejaa, na dogo mmoja mwenye simu akaanza kutusomea habari za Wamarekani na mpango wao wa kurudisha watu mwezini. Tulikuwa tunasikiliza nusu nusu mpaka alipofika kwenye bei. Dola bilioni 93. Hiyo ni hesabu ya mkaguzi wa ndani wa NASA mwenyewe, shirika lao la anga, kwamba mpango wa Artemis ungekuwa umekula kiasi hicho mpaka kufikia 2025. Kijiwe kikanyamaza kidogo, alafu kikalipuka, kila mtu anaongea lake, mmoja anasema wizi mtupu, mwingine anasema hao hawajawahi hata kufika, mwingine kashaanza kupiga hesabu ya mashine za boti.

Sasa kuna mzee mmoja pale, bahari kaianza akiwa mtoto, yeye akauliza swali moja tu. "Wanakwenda kutega au wanakwenda kuzamia?"

Dogo hakuelewa. Mi nikaona hilo swali limezidi makala nyingi nilizosoma, na ndo maana naandika hii.

Kwa ambaye si wa pwani: dema ni mtego, unasukwa kwa mianzi au waya, una mlango ambao samaki anaingia kirahisi ila kutoka ndo kazi. Unatia chambo, unafunga mawe, unaushusha mwambani, unarudi zako nyumbani unalala. Kesho au keshokutwa unakwenda kuopoa. Likipotea dema umepoteza dema, unasuka lingine. Mzamiaji yeye anavaa miwani anashuka mwenyewe, anaona pweza kajificha kwenye tundu ambalo dema halifiki maisha, anachagua huyu mkubwa huyu mdogo namuacha, yaani jicho na mkono viko palepale kazini. Ila anahitaji hewa, anachoka, na zaidi ya yote lazima apande juu. Mzamiaji asipopanda ni matanga.

Roboti ni dema, mwanaanga ni mzamiaji. Na ubishi wote huu wa kama kupeleka watu mwezini kunalipa ama hakulipi unachanganyika kwa sababu watu wanauliza "kwenda mwezini kuna faida?" wakati hakuna anayebishia sana kutega. Kinachobishaniwa ni kuzamia.

Tuanze na kwanini kuzamia ni ghali hivyo, maana hapa ndo kuna utamu. Mwezi uko kilomita kama 384,400 kutoka hapa, sawa, mbali, lakini umbali peke yake sio tatizo kubwa, India wametua kule Agosti 2023 na Chandrayaan-3 kwa bei ya kama dola milioni 75 hivi. Milioni, sio bilioni. Tatizo ni kurudi. Chombo kisicho na mtu ukishakifikisha umemaliza, kinafanya kazi mpaka kife palepale, hakuna anayelia. Mtu unambebea hewa, maji, chakula, choo, nguo ya kumkinga na jua na baridi, alafu unambebea na mafuta ya kumtoa mwezini, na ili ufikishe hayo mafuta ya kurudi unahitaji mafuta mengine ya kuyabeba hayo mafuta, na hayo nayo yanahitaji mengine. Ni kama mtu anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, huko Zanzibar kwa boti ndogo alafu anaambiwa kule hamna petroli wala maji ya kunywa, kila kitu ubebe kutoka hapa, boti inajaa mizigo ya safari kabla hujapakia hata wavu.

Angalia Saturn 5, roketi iliyopeleka watu wa Apollo, ule mpango wa Wamarekani wa miaka ya 60 uliofika mwezini. Urefu wake mita 110 hivi, uzito imejaa mafuta karibu tani 3,000. Kilichorudi kikadondoka baharini na watu watatu ndani ni kapsuli ya tani 5 na kitu. Zingine zote zimeungua, zimezama, au zimeachwa kule. Tani 3,000 ili turudishe tani 5! Ndo bei ya mzamiaji hiyo.

Na hii roketi mpya ya NASA inaitwa SLS ni hivyohivyo, inatumika mara moja basi. Cha kuchekesha, au cha kuliza, zile injini zake nne za chini ni za aina ileile iliyokuwa kwenye zile shuttle, vyombo vyao vya anga vya zamani vyenye mabawa, ambazo zilikuwa zinaruka zinarudi zinafungwa tena zinaruka, wameanza kwa kutumia zilezile zilizobaki ghalani, na sasa zinaishia baharini kila safari. Mkaguzi wao aliwaambia wabunge Machi 2022 kwamba kila urushaji mmoja katika ile minne ya kwanza utakula dola bilioni 4.1, na hapo hujaweka gharama za miaka ya kuitengeneza.

Bilioni 4.1 tuiweke kwenye lugha ya Tanga. Ukiipiga kwa dola ya shilingi 2,600 unapata trilioni 10.6 na zaidi. Bajeti nzima ya serikali yetu mwaka 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35. Yaani roketi moja, safari moja, ni zaidi ya moja ya tano ya kila kitu: mishahara ya walimu, barabara, madeni, dawa, vyote. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mkataba wake ulikuwa kama trilioni 6.5. Na bomba la mafuta linalotoka Hoima Uganda mpaka hapa Chongoleani, kilomita 1,443, linahesabiwa kwenye dola bilioni 5 na kuendelea. Kwahiyo wale jamaa wakiwasha roketi moja ni kama wamechoma bwawa zima na chenji, au sehemu kubwa tu ya bomba.

Ila hapa inabidi niwe mkweli maana ndo mahali watu wa kijiweni wanapoteleza. Kwanza pesa haiendi mwezini. Kule hamna duka. Pesa yote inatumika hapahapa duniani, ni mishahara ya mafundi na mainjinia na wenye viwanda, Apollo ilipopamba moto ilikuwa na watu kama 400,000 wanaokula kupitia ule mradi. Pili kwa Marekani hiyo pesa sio kubwa kama inavyosikika hapa. NASA nzima, pamoja na setilaiti na darubini na kila kitu, inapata kama dola bilioni 25 kwa mwaka, haifiki hata nusu ya asilimia moja ya bajeti ya serikali yao. Jeshi lao linakula zaidi ya bilioni 800. Mwaka 1966 ndo NASA ilifika kilele, asilimia 4 na kitu ya bajeti, na Apollo yote ilikula dola bilioni 25 za wakati ule, ambazo kwa pesa ya sasa hivi zinapita bilioni 250.

Kwahiyo mtu akikwambia wangeacha mwezi wangemaliza njaa Afrika, mwambie kaka, hiyo pesa wasingeileta kwako. Ingerudi palepale kwenye barabara zao au ndege zao za vita. Lakini pia, na hapa nawapinga wale wapenzi wa roketi, "haiwezi kuja kwako" sio jibu la "inalipa?". Ni kukwepa swali.

Tena swali lenyewe sio jipya na halijatoka kwa wabishi wa Tanga tu. Siku moja kabla Apollo 11 haijaruka, Julai 1969, mchungaji Ralph Abernathy, mwenzake Martin Luther King, alikwenda mpaka pale kituo cha kurushia Florida na familia maskini na mikokoteni ya nyumbu, nyumbu kabisa, akawaambia mnarusha watu mwezini na hapa kuna watoto wana njaa. Mkuu wa NASA Thomas Paine akatoka nje kuongea nao, hana hata koti la mvua wala nini, akamwambia kwamba kama kutobonyeza kile kitufe kungeondoa umaskini Marekani basi wasingekibonyeza. Jibu zuri, mi nalipenda, ila ukilitazama vizuri ni lilelile: pesa ya hapa haiendi pale.

Na mwaka 1970 mtawa mmoja aliyekuwa anafanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia mwanasayansi wa NASA Ernst Stuhlinger akimuuliza swali lilelile, inakuwaje mnatumia mabilioni huko na watoto huku hawana chakula. Jamaa akamjibu barua ndefu yenye heshima, akampa kisa cha mtawala mdogo wa Ujerumani zamani aliyekuwa akisaidia maskini lakini pia akimlipa mtu mmoja aliyekuwa anachezea vioo, watu wakalalamika, na mwisho vile vioo vikazaa hadubini iliyokuja kuokoa watu kibao. Kisa kizuri na kinasambaa mpaka leo. Mi shida yangu nacho ni hii: yule bwana wa vioo hakuhitaji kurushwa popote. Kisa kinatetea utafiti, hakitetei kuzamia.

(Tukiwa Zambia, 1964 palepale kuna mwalimu Edward Makuka Nkoloso alitangaza kwamba na wao watafika mwezini, akawa anafundisha wanaanga wake kwa kuwabiringisha mlimani ndani ya pipa la mafuta. Watu mpaka leo wanabishana kama alikuwa anatania au vipi. Bajeti yake ilikuwa nafuu hata hivyo.)

Sasa turudi kwenye mwamba. Mzamiaji anavua nini ambacho dema halivui?

Anavua vingi, tusidanganyane. Watu 12 waliotembea mwezini kati ya 1969 na 1972 walirudi na kilo 382 za mawe na udongo. Wasovieti kati ya 1970 na 1976 walipeleka roboti tatu zilizofanikiwa kurudi na udongo, zote kwa pamoja zikaleta gramu mia tatu na kitu, yaani hata kibaba cha mchele hakijai. China juzijuzi kafanya vizuri zaidi, Chang'e 5 mwaka 2020 ikaleta kilo 1.7, na Chang'e 6 mwaka 2024 ikaleta kilo 1.9 kutoka upande wa nyuma wa mwezi ambao sisi huku hatuuonagi kabisa na ambako hakuna mtu aliyewahi kukanyaga. Bado ukiweka kwenye mizani, wazamiaji wamewaacha mbali.

Na mwendo. Kile kigari cha roboti kilichokuwa Mars, Opportunity, kilitembea kilomita 45 kwa miaka 14, na watu walishangilia kweli maana kilitakiwa kidumu miezi mitatu tu. Wale wawili wa Apollo 17 walitembea na kigari chao kilomita 35 kwa siku tatu. Siku tatu! Roboti inasogea, inapiga picha, inatuma nyumbani, watu wanakaa kikao, wanajadiliana lile jiwe ni nini, wanatuma amri, kesho yake inasogea tena mita chache. Mtu anaona, anainama, anaokota.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Harrison Schmitt. Huyu ndo mwanajiolojia pekee aliyewahi kutembea mwezini, wengine wote walikuwa marubani. Desemba 1972 wako ukingoni mwa shimo moja, kila kitu kule ni kijivu, kijivu mpaka unachoka, akaangalia alipokanyaga akaona udongo wa rangi ya chungwa. Akapiga kelele kwa furaha kama mtoto. Wakachimba, wakafunga, wakarudi nao. Ilikuwa ni vijipande vidogo vya kioo kutoka volkano ya zamani sana, na miaka karibu 40 baadaye, wataalamu wenye mashine ambazo 1972 hazikuwepo wakavipima vijipande hivyo wakakuta ndani yake kuna maji, wakati vitabu vyote vilikuwa vinasema mwezi mkavu kama mfupa. Hakutumwa udongo wa chungwa. Aliuona tu kwa sababu alikuwepo na alijua anachokitazama.

Huku kwetu Tanga tunalielewa hilo vizuri, maana kuna yule samaki silakanti, ambaye wataalamu dunia nzima walishamhesabu kafa na madinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini 1938, na kuanzia 2003 akawa anaingia kwenye majarife ya wavuvi wetu huku Kigombe na pwani hii ya kwetu, mpaka ikabidi 2009 watangaze hifadhi kabisa. Hakuna aliyekuwa anamtafuta. Mzee alipomsikia dogo anamsifia Schmitt akakatiza, "lakini yule tulimpata kwa nyavu, hakuna mtu alizamia." Nikaishiwa maneno kidogo. Kweli silakanti anaishi mita mia na zaidi chini, mzamiaji wetu hafiki huko.

Ndo ugumu wa hii ishu. Kila ukipata mfano wa mzamiaji unapata na mfano wa nyavu.

Sasa weka na bei pembeni. Kwa bilioni 4.1 za urushaji mmoja unapeleka Chandrayaan-3 zaidi ya 50. Najua sio sawa kabisa, mishahara ya India ni mingine, na kile kigari chao kilikuwa na kilo 26 kikatembea mita mia hivi na kikafa na baridi usiku wa mwezi ulipoingia, wiki mbili tu. Lakini hamsini! Ukitega madema hamsini kwenye miamba hamsini tofauti, hata ishirini yakipotea, unajua bahari yako kuliko aliyezama mara moja sehemu moja. Na yanapotea kweli, Urusi walipoteza Luna 25 mwezi huohuo India walipotua, na lile la kampuni ya Kimarekani la Februari 2024 lilitua likalala ubavu. Hakuna msiba uliowekwa. Wakati Apollo 1 iliungua ikiwa bado iko chini kwenye majaribio, Januari 1967, watu watatu wakafa, na shuttle mbili, 1986 na 2003, zikaondoka na watu saba saba.

Na kinachoniudhi mimi binafsi ni mpangilio. Kuna kigari kinaitwa VIPER, kazi yake ni kwenda ncha ya kusini ya mwezi kutafuta barafu, maana kule kuna mashimo ambayo jua halijawahi kuingia na vipimo kutoka angani vinaonyesha kuna maji yameganda. Barafu ndo kila kitu, ukiwa nayo una maji ya kunywa, una hewa, una mafuta ya roketi, yaani ile shida ya kubeba petroli kutoka nyumbani inapungua. NASA walishatumia kama dola milioni 450, kigari kimeshaundwa chote kimebakiza majaribio, Julai 2024 wakatangaza wanakifuta ili waokoe milioni 84. Milioni 84, na roketi ya watu bilioni 4.1. Watu walipiga kelele na 2025 wakakitafutia usafiri mwingine, lakini fikiria mvuvi anayeuza dema lake apate nauli ya kumpeleka mzamiaji mahali ambapo hajui kama kuna samaki.

Kwanini wanafanya hivyo basi? Kwa sababu sio sayansi, na haikuwahi kuwa sayansi. Aprili 1961 Mrusi Gagarin kazunguka dunia, mtu wa kwanza angani, wiki iliyofuata Marekani kaaibika Cuba kwa uvamizi ulioshindwa, na Mei Kennedy akasimama bungeni akasema tunapeleka mtu mwezini kabla muongo haujaisha. Kuna mkanda uliorekodiwa Novemba 1962 akiwa na mkuu wa NASA James Webb, anamwambia waziwazi kwamba yeye mambo ya anga wala hayampi hamu sana, anachotaka ni kuwashinda Warusi. Kwa hiyo kazi, roboti haifai. Hakuna anayeandamana barabarani kushangilia dema. Na hata Wamarekani wenyewe, kwenye kura za maoni za miaka ile, wengi walikuwa wanasema haistahili hiyo pesa, ni kwenye ile Julai ya kutua tu ndo waliokubali wakapita nusu kidogo.

Leo Warusi wametoka, kaingia Mchina, anasema atatua na watu kabla ya 2030. Mkataba wa 1967 unasema hakuna nchi inayomiliki mwezi, sawa, lakini sisi watu wa dago tunajua haya mambo. Kisiwa cha mchanga sio cha mtu, ila aliyefika kwanza akajenga kibanda karibu na kisima, wewe utakayekuja utaomba. Sehemu nzuri kule ncha ya kusini, zenye jua muda mrefu na barafu jirani, ni chache. Hiyo ndo hesabu inayopigwa, na kama hesabu ya siasa mi naiona ina mantiki, ila basi wailipie kama siasa wasitupakie kwenye kapu la sayansi.

Kuna sababu zingine zinazotajwagwa nitazipita haraka. Ile ya gesi ya heliamu-3, kwamba tutachimba mwezini tupate umeme wa dunia nzima: hakuna mtambo duniani unaotumia hayo mafuta kuuza umeme, ni sawa na kununua gunia la mbegu za mti ambao haujaota popote. Ile ya kwamba Apollo ilituletea Tefloni na Velkro ni uongo, Tefloni ilipatikana 1938 na Velkro ni ya bwana mmoja wa Uswisi, NASA walizitumia tu. Ya kompyuta ina ukweli zaidi, kompyuta ya kuongozea Apollo ilinunua chipu za mwanzo kwa wingi wakati wateja wengine bado ni wachache, ikasaidia bei kushuka. Na ile ya kwamba hawakwenda kabisa, shekhe, kuna vioo waliviacha kule ambavyo mpaka leo wataalamu wanavipiga na leza na kupima mwezi unavyotukimbia sentimita 3.8 kwa mwaka. Wasovieti wangekuwa wa kwanza kuwaumbua.

Sisi tunapata nini? Kwenye kuzamia, karibu hamna. Kwenye kutega, vingi. Jipiesi ambayo manahodha wa hapa wanawekea alama ya mwamba wenye samaki ni setilaiti zisizo na mtu. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, mamlaka ya hali ya hewa ilitangaza mapema kwa sababu kilionekana kutoka juu, boti zikafungwa. Na pwani hii yetu imewahi kuwa na mkono kwenye haya mambo zaidi ya tunavyojua: Wamarekani walikuwa na kituo pale Tunguu Unguja miaka ya mwanzo ya 60 kwa ajili ya kufuatilia vyombo vya Mercury, mpango wao wa kwanza wa kurusha watu angani, vinavyopita juu, wakaondoka 1964 baada ya Mapinduzi, na pale karibu na Malindi Waitaliano walikuwa na jukwaa baharini ambapo Desemba 12, 1970 ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kutazama mbingu kwa miale ya eksirei. Siku ya uhuru wa Kenya. Ikaitwa Uhuru. Iligundua mamia ya vitu angani, na haikuwa na mtu ndani.

Dogo akaniuliza kama pesa ingekuwa yangu ningefanyaje. Nikamwambia ningetega kwanza, sana, kila upande, miaka kumi. Madema yakishaonyesha mwamba gani una kitu ambacho hakitoki kwa mtego, ndo namtuma mzamiaji mmoja anayejua anachotafuta, awe kama Schmitt, sio rubani tu wa kusimika bendera. Wao wanakwenda kinyume kwa sababu wanashindana, na anayeshindana hasubiri dema.

Mzee hakusema kitu juu ya hilo. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi, yale madimbwi ya kwenye mwamba yanaungana moja moja, akina mama waliokuwa wanatafuta pweza na taa zao wanapanda juu wakihesabiana. Dogo akamuuliza kesho akitaka kwenda na yeye mwambani aje saa ngapi, akawa anafungua simu aangalie. Mzee akaangalia juu mara moja tu, akasema njoo saa tano kasoro.